Kumtazama Usoni Si Kumtambua

Iko kazi moja ya polisi ambayo hatupendi kuizungumza mpaka siku ya msiba, nayo ni kuwatambua watu waliokufa wengi kwa mpigo. Tulichozoea ni kulaza maiti uwanjani na kuwaita ndugu wapite wakitazama nyuso. Ndivyo ilivyokuwa katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na wengi ambao hawakupata wenyewe wakazikwa Igoma. Nasema bila kuuma maneno: huko si kutambua, ni kubahatisha.

Maji hubadili sura, jua hubadili sura, na moto huifuta kabisa. Na huyo anayetazama ni mtu wa namna gani? Ni mtu ambaye hajala wala kulala siku tatu. Mmoja atachukua maiti yoyote ili mradi apate cha kuzika. Mwingine atampita ndugu yake wa damu na kuapa kuwa si yeye. Tena kosa hilo halikai peke yake. Nyumba moja imemzika mgeni, na nyumba ya pili itaendelea kumtafuta mtu aliyekwisha kufukiwa.

Sisi wa Singida tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya ziwani. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilishindwa kilima, ikarudi nyuma na kugonga treni ya mizigo huko Igandu, Dodoma. Walikufa watu 281. Reli hiyo ndiyo inayokuja kwetu Manyoni na Itigi. Fikiri, msomaji, hali ya mke ambaye mumewe aliaga kuwa anasafiri siku kama ile, kisha asionekane hospitalini wala miongoni mwa maiti. Akae eda au angoje? Mirathi ataifunguaje bila cheti cha kifo? Shemeji watasema ng'ombe wasiguswe, maana huenda ndugu yao yu hai. Anayesema wafu wamekwisha kufa, tuwashughulikie walio hai, ajue kwamba huyu mama naye ni miongoni mwa walio hai.

Kazi yenyewe inafundishika. Polisi wa kimataifa, Interpol, walitoa mwongozo wake tangu 1984. Kiini chake ni fomu mbili. Ya waridi huandikwa kwa kuichunguza maiti; ya njano huandikwa kwa kuwauliza jamaa habari za mtu alipokuwa hai. Kisha zinalinganishwa. Ya waridi inamtaka daktari. Ya njano inamtaka askari mwenye subira, anayejua kuketi mkekani na mama mfiwa na kuuliza kovu liko goti lipi, jino gani lilikwisha kung'oka, shati alilotoka nalo lilishonwa wapi. Lazima afundishwe kuuliza. Kwetu maji yana madini ya floraidi, na askari akiandika tu "meno ya kahawia" atakuwa ameandika nusu ya kijiji.

Wapo watakaonijibu kwamba siku hizi kuna vinasaba, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo. Ipo, nami naishukuru. Lori la mafuta lilipoungua Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, na kuua watu zaidi ya 100, tuliona haja yake. Lakini kinasaba ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni ndugu aliyepatikana, akachukuliwa sampuli, na sampuli ikapewa namba isiyochanganywa na ya jirani. Baada ya tsunami ya 2004, huko Thailand wengi walitambuliwa kwa meno na alama za vidole kuliko kwa vinasaba. Alama za vidole vya watu wazima tunazo katika vitambulisho vya Taifa. Za watoto hatuna. Majina nayo ni shida: abiria wa daraja la tatu wa MV Bukoba hawakuwa na orodha. Mimi niliyeita mahudhurio kila asubuhi maisha yangu yote nashindwa kuelewa jinsi mamia ya watu wanavyoweza kung'oa nanga bila mtu kuandika majina yao.

Nitaambiwa bajeti ni finyu. Gwaride tunalifanyia mazoezi wiki nzima ili miguu ipande sawasawa mbele ya mgeni rasmi. Basi watolewe askari wanne tu katika kila wilaya, Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Singida, pamoja na muuguzi mmoja mmoja, wafundishwe wiki mbili, na kila mwaka warudie mazoezi kwa msiba wa kuigiza. Ukumbi usiwe kisingizio. Wanachuo wa ualimu wakienda likizo, mabweni yao huwa matupu na ubao hubaki ukutani.