Mkanda wa Ngumi si Fahari ya Uislamu

Tokea usiku wa Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane, wengi wetu tumeuhesabu mkanda wa dunia wa uzito wa juu kuwa kama mali ya Waislamu. Barazani husemwa, "Bingwa ni ndugu yetu." Udugu hatuukatai. Tunalolikataa ni kudhani kwamba ngumi ndiyo iliyomtukuza.

Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, hata watu wanapopigana. Hadithi hiyo imo katika Sahihi zote mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Na bondia hulenga nini kwanza ila uso? Katika mpira mtu huumia kwa bahati mbaya. Katika ngumi, kumpiga mwenzio hata azimie ndiko kushinda. Ndipo wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, walipoamua mwaka 1987 kuwa mchezo huu ni haramu.

Atasema msemaji: "Mbona siku hizi mabingwa hupiganishwa Riyadh?" Ni kweli. Mei 2024, mjini humo, Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury akawa bingwa asiyepingwa, wa kwanza wa uzito huo tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Uzito wa juu umehamia penye fedha, na huenda ukakaa huko miaka mingi. Lakini tangu lini fedha ikawa dalili ya sharia? Kinshasa nako kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, wala hakuna aliyemwita Mobutu mufti.

Kwetu pia mlango umefunguliwa. Unguja, ngumi zilizokatazwa tangu zama za Mzee Karume zilirudi ulingoni Agosti 2023. Vijana huambiwa kuwa hiyo ni ajira. Hatumcheki kijana anayetafuta riziki, dhiki twaijua. Twauliza tu: ni kazi gani hii ambayo mtaji wake ni ubongo wa mtu, nao ukiharibika haununuliwi dukani? Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Mtazameni Ali mwenyewe. Mwaka 1984 ilijulikana kuwa ana maradhi ya kutetemeka, akaishi nayo mpaka alipofariki Juni 2016. Madaktari wamebishana juu ya chanzo chake. Lakini hakuna aliyesema kuwa makonde yalimfaa.

Fahari yake iko kwingine. Mwaka 1967 alikataa, kwa ajili ya dini yake, kuandikwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alivuliwa mkanda, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, akazuiwa kupigana zaidi ya miaka mitatu. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo mwaka 1971. Mkanda ulimtoka, imani haikumtoka.

Basi, enyi wazazi, mnapowahadithia watoto habari za Ali, anzeni na mwaka 1967, msianze na Kinshasa. Wakitaka nguvu, bahari i mbele yetu: wafundisheni kuogelea, kupiga makasia na kukimbia. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na vijana wetu. Amin.