Maana ya Neno "Instead"

Neno la Kiingereza "instead" maana yake ni "badala yake". Likifuatwa na "of" huwa "badala ya". Zamani lilikuwa maneno mawili: "in", yaani katika, na "stead", yaani mahali. "Stead" halitumiki sana peke yake siku hizi, lakini limo bado katika "homestead", yaani boma, mahali penye nyumba. Basi asemaye "instead" asema kwamba kitu kimoja kimeketi mahali pa kingine.

Twaa mfano wa mkulima wa Isebania. Katika nchi ya Wakuria tumbaku imekuwa zao la fedha kwa miaka mingi. Mwaka 2022 baadhi ya wakulima wa Migori walianza kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma badala ya tumbaku, wakisaidiwa na Serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Mkulima wa namna hiyo, akiomba mbegu kwa barua, yampasa kuandika: "I want to plant beans instead of tobacco." Kifuatacho "of" ndicho kilichoondolewa. Aweza pia kuanza na "Instead of tobacco", na kanuni ni ile ile. Lakini akiandika "tobacco instead of beans" ameomba asichokitaka, na karani aisomaye barua hana shahidi mwingine ila maandishi yale.

Kosa jingine hutokana na Kiswahili chenyewe. Kwa kuwa sisi husema "badala ya kupanda", wengi huandika "instead of to plant". Kiingereza hakikubali hivyo. Lililo sahihi ni "instead of planting".

Neno hili hutumika pia bila "of", na mara nyingi huja mwisho: "He did not plant tobacco, he planted beans instead." Hapo kitu kilichoachwa sharti kiwe kimetajwa kwanza, ama sivyo msomaji atauliza, "Badala ya nini?"

Makarani nao wana la kuangalia. Chifu akiwa safarini, na karani wake ameruhusiwa kutia sahihi, huandika "for" au "on behalf of", yaani kwa niaba ya Chifu. Asiandike "instead of". Atendaye kwa niaba hulichukua neno la mkubwa wake, na mkubwa angali na cheo chake. Atendaye badala ya mtu amemweka kando, akashika mahali pake. Barua moja yaweza kuleta ugomvi ofisini kwa sababu ya tofauti hiyo.

Basi kila atakaye kuliandika neno hili na ajiulize kwanza: ni kipi kilichoondoka, na ni kipi kilichoketi mahali pake? Akisha kujua, hatakosea.