Binti naye yumo katika hati za mirathi
Ndugu mwandishi, mengi uliyoyanena nayakubali, ila uliposema kwamba hati za wasia za kale zatuhifadhia majina ya wanaume peke yao, hapo sikuafiki, kwani katika sheria ya Kiislamu binti ana fungu lake la faradhi, na kadhi hakuweza kugawa tarika pasi na kumtaja. Wala si hati za mirathi tu zinazowataja wanawake: jina la mama yake babu yangu lilikuwa limesahauliwa kwetu, hata nilipofunua hati ya shamba la jirani nikamkuta ametajwa kuwa jirani kwenye mpaka wa kusini, yeye na jina la babaye, kwa khati za Kiarabu. Nanyi wenzangu wa Mombasa na Malindi mnaosikitika kwamba wazee hawakuacha wasia, tafuteni madai ya ardhi yaliyoandikishwa kwa sheria ya hatimiliki ya 1908, msome hadi majina ya majirani.