Releve zetu zisifie kabatini: vyuo vya Goma vijenge mtandao mmoja

Wandugu vijana wa Goma, na nyinyi mliotawanyika Beni, Butembo, Bukavu, Kinshasa, Kampala na Nairobi,

Tangu M23 iingie Goma mwisho wa Januari 2025, watu wamesema sana juu ya mabenki yaliyofunga milango, juu ya uwanja wa ndege uliofungwa, juu ya franga iliyoanza kukosekana sokoni. Ni haki kuyasema. Lakini kuna mali ingine ya vijana ambayo hakuna anayeihesabu: miaka ya masomo. Mwanafunzi aliyekimbia na begi moja, releve yake ilibaki wapi? Finalisti aliyefika Kampala, nani atathibitisha kama kweli alimaliza mwaka wa tatu? Mara nyingi jibu ni lile lile. Karatasi iko ndani ya kabati, kabati iko ndani ya biro, na ufunguo uko na mtu mmoja ambaye naye amekimbia.

Sisi tunasema hivi: vyuo vikuu na vyuo vya juu vya Goma, vya serikali na vya binafsi, vijenge pamoja mtandao mmoja, seva za pamoja na rejista moja ya pointi. Tena vijenge kwa ajili ya kila raia anayetaka kusoma, awe na miaka 20 ao 50. Hii haiwezi kungoja amani ikamilike. Vita yenyewe njo inaonyesha haraka yake.

Kwanza tukumbuke tuko wapi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji na kufunika maduka, nyumba na biro. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilitoka tena, na siku chache nyuma yake serikali ikaamuru sehemu kubwa ya muji ihame. Katikati ya hayo yote kuna vita, na kuna moto unaounguza nyumba za mbao kila mwaka. Muji kama huu hauwezi kuweka kumbukumbu za watoto wake fasi moja, kwa karatasi moja. Kila mzee wa Goma anajua: kitu unachokipenda, unakiweka pawili.

Pili, tuangalie sheria za masomo zenyewe. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, Kongo imeingia kwa nguvu ndani ya mfumo wa LMD: licence, master, doctorat. Zamani tulikuwa na miaka 3 ya graduat na miaka 2 ya licence, na ukishindwa mwaka unarudia mwaka. LMD inahesabu kredi: 180 kwa licence, 120 ingine kwa master. Kredi uliyoipata ni yako. Unaweza kuiweka, kusimama kwa sababu ya maisha, kurudi baadaye, hata kuihamisha chuo kingine. Hiyo njo ahadi ya LMD. Ni ahadi nzuri sana kwa watu kama sisi, ambao maisha yetu yanakatwa katwa.

Lakini kredi isiyoandikwa fasi ambapo chuo kingine kinaweza kuiona, ni kredi gani? Chuo cha pili kitakuambia: leta karatasi. Karatasi iko kwenye chuo cha kwanza. Chuo cha kwanza kinakuambia: njoo mwenyewe, na ulipe. Wewe uko Beni, njia imekatika. Hapo LMD inabaki maneno ya kwenye decree, na wewe unaanza tena mwaka wa kwanza na vijana uliowazidi miaka sita.

Tunaposema kusoma maisha yote, tunawaona watu. Kuna mama muuguzi wa A2 ambaye amezalisha nusu ya watoto wa kartye yake na anataka kufika A1 bila kuacha zamu ya usiku. Kuna mwalimu wa D6 ambaye amefundisha miaka 15 na hakuna anayemwambia njia ya kupata licence. Kuna motari anayepita rond-point Signers kila siku, mwenye miaka miwili ya sheria kichwani na hakuna franga ya mwaka wa tatu. Kuna mkulima wa Masisi aliyelala kwenye kambi, aliyekuwa anasoma agronomia. Hawa wote mfumo wa leo unawaambia kitu kimoja: kaa ndani ya oditwari kuanzia saa mbili asubuhi, nunua silabusi, ao baki nje. Mtandao wa pamoja ungewaambia: soma moduli moja, fanya mtihani, kredi yako inaandikwa, rudi wakati utaweza.

Wengine watasema hizi ni ndoto za watoto wa simu. Basi tuvuke mipaka kidogo. Kenya, vyuo vilianzisha KENET mwaka 1999. Badala ya kila chuo kwenda peke yake kununua intaneti kwa bei ya juu, vilinunua pamoja, na vikaanza kutumia seva pamoja. Uganda, RENU ilianza mwaka 2006 kwa wazo lile lile. Leo mwanafunzi wa Uganda anaweza kutumia eduroam: jina moja na neno la siri moja kutoka chuo chake, na anafungua Wi-Fi ya chuo kingine chochote kilicho ndani ya mfumo. Chuo anachotembelea hakijui neno lake la siri. Kinauliza chuo chake tu: huyu ni wenu? Kikijibiwa ndiyo, mlango unafunguka. Fikirieni mfumo kama huo kwa mwanafunzi wa Goma aliyefika Butembo.

Mitandao hii ya nchi imeungana ndani ya UbuntuNet Alliance, iliyoanzishwa mwaka 2005 na yenye makao yake Lilongwe, Malawi. Kongo nayo iko na mtandao wake wa vyuo, unaitwa Eb@le, jina la Lingala, maana yake mto. Jina zuri. Lakini kwa wanafunzi wengi wa Goma, mto huo bado ni wa kusikia tu, hawajanywa maji yake.

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Goma ilipata kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti, GOMIX, ndugu ya KINIX ya Kinshasa na LUBIX ya Lubumbashi. Faida yake ni nini? Bila kituo kama hicho, ujumbe kutoka Himbi kwenda Katindo unaweza kuzunguka nchi za nje kabla ya kurudi kwa jirani, na kila mzunguko unalipiwa. Pamoja nacho, somo lililowekwa kwenye seva ya hapa linafika hapa hapa, haraka na kwa bei ya chini. Umeme pia umebadilika: maji ya Matebe yanawasha sehemu ya muji, na Ndosho tuliona mitambo ya jua ya Nuru ya megawati 1.3 mwaka 2020. Programu za kufundishia zipo bure: Moodle inatumika duniani tangu 2002, hakuna anayelipa leseni. Na intaneti ikikatwa, Kiwix inaweka Wikipedia nzima ndani ya kompyuta ndogo bila kuhitaji hata mega moja. Tunasema "ikikatwa" kwa sababu tunakumbuka: nyuma ya uchaguzi wa Desemba 2018, nchi nzima ilikaa karibu siku 20 bila intaneti. Njo maana mtandao wetu lazima ujue kufanya kazi hata mlango wa nje ukifungwa.

Sasa maswali magumu, tusiyakimbie.

Mzazi anauliza: watoto wangu wanalala na njaa, nyinyi mnazungumza seva? Mama, tunakusikia. Lakini wewe mwenyewe uliuza shamba juu ya minerval ya mtoto. Pointi zake zikipotea, shamba limepotea mara ya pili. Kulinda masomo yake ni kulinda jasho lako.

Wakubwa wa vyuo wanauliza: tukiungana, kila chuo hakitapoteza wanafunzi wake? Hapana. KENET haikufuta chuo hata kimoja. Barabara ni moja, maduka ni mengi. Chuo kinachoogopa mwanafunzi wake aone masomo ya jirani, kijiulize juu ya nini kinaogopa.

Swali la tatu ni zito kuliko yote, na linatoka kwetu wenyewe. Ndani ya muji wenye bunduki, rejista moja ya wanafunzi wote inaweza kugeuka orodha ya kutafuta watu. Jina, kartye, namba ya simu, picha: mikononi mwa mtu mubaya hiyo ni hatari ya kifo. Kwa hiyo hatutaki rejista ya namna yoyote ile. Tunataka rejista inayoweka vitu vichache: namba ya mwanafunzi, moduli, pointi, kredi, sahihi ya kidijitali ya chuo. Hakuna anwani, hakuna kabila, hakuna jina la baba. Iwe imefungwa kwa siri, na nakala zake zikae mbali na Goma, kwa vyuo rafiki. Tena kila mwanafunzi abebe nakala yake yenye sahihi ndani ya simu ao flashi, ili hata seva zote zikizimika, yeye bado ana ushahidi. Sheria ipo: Code ya numeriki ya 13 Machi 2023 inazungumza juu ya hati za kielektroniki na ulinzi wa habari za mtu. Inabaki kuitumia.

Hii ya mtu kubeba elimu yake anapokimbia, dunia imeanza kuijaribu. Mwaka 2019 UNESCO ilijaribu Zambia pasipoti ya elimu kwa wakimbizi, ili masomo waliyofanya nyumbani yatambuliwe. Kama mkimbizi anaweza kupewa hati hiyo akiwa nje, sisi tunaomba ipatikane kabla mtu hajakimbia.

Kwa hiyo tunadai:

1. Vyuo vya Goma vikae meza moja na kuunda komite ya mtandao wa pamoja, ndani yake wanafunzi wawe na viti vya kweli, vya kupiga kura.

2. Kila chuo kianze sasa kuskani rejista za pointi za miaka iliyopita. Mwanafunzi aliye mbali apate releve yake bila kulazimishwa kurudi, na bila kulipa mara mbili.

3. Minisitere ya elimu ya juu itoe maagizo wazi: kredi iliyothibitishwa na chuo kimoja itambuliwe na vingine vyote, hata kama mwanafunzi alisimama miaka kumi.

4. Mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, uliotajwa na sheria ya 25 Novemba 2020, usaidie kuunganisha vyuo vya Kivu. Raia walikatwa unite za RAM tangu 2020 mpaka walipopaza sauti na ikaondolewa 2022. Wanajua kodi ya simu inavyouma. Sasa waone huduma.

5. Makampuni ya simu yaache majukwaa ya masomo ya hapa yafunguke bila kula forfe.

6. Wote wenye silaha, wa upande wowote, waache vyuo, seva na kumbukumbu zao.

Na sisi vijana, tusikae tukingoja. Wiki hii, piga picha safi ya releve zako zote na za wadogo zako. Ziweke pawili, na moja iwe nje ya simu. Kila promosheni ichague watu wawili wa kukusanya silabusi zilizoruhusiwa na walimu na kuziweka kwenye kompyuta moja ambayo wote wanaweza kunakili. Delege waandikie chuo barua moja, fupi, yenye swali moja: pointi zetu ziko wapi, na nakala yake iko wapi? Wakijibu, tuwashukuru. Wasipojibu, tuulize tena, wengi zaidi.

Vita imechukua nyumba, mashamba na watu wetu. Kile tulichokwisha kusoma, isikichukue.