Injini Iliyochorwa na Mtoza Ushuru

Nimechoka na porojo moja. Vijana wa Subaru wakikutana hapa Nairobi, hapakosi mtaalamu wa kujitangaza atakayekuambia kwamba Mmarekani alipewa Impreza STI ya 2,457cc kwa sababu ndiye mwenye pesa, na Mjapani akabakizwa na ya 1,994cc. Mwingine ataruka na kudai kinyume, kwamba Wajapani walijifichia injini bora na dunia nzima ikauziwa makapi. Wote wawili wanamsaka mchawi katika nyumba isiyo yake.

Hebu tuanze na hesabu ndogo. STI iliyotoka mwaka 2007 ilikuwa na nguvu farasi zinazokaribia 305 Japani kwa injini ya 2,000cc, na Marekani zilezile karibu 305 kwa injini ya 2,500cc. Tofauti ni nusu lita nzima, lakini nguvu ni sawa! Kwa hiyo cc si nguvu. Ujazo wa injini ni kipimo cha nafasi ambamo pistoni hupanda na kushuka, basi. Sufuria kubwa haimaanishi ugali mwingi; inategemea umetia unga kiasi gani na moto ni wa namna gani. Turbo kazi yake ni hiyo, kusukuma hewa nyingi ndani ya sufuria ndogo.

Sasa kama cc si nguvu, kwa nini viwanda vinahangaika kutengeneza injini mbili tofauti kwa gari lilelile? Jibu langu: kwa sababu serikali huchora mistari, na injini hujipanga nyuma ya mistari hiyo.

Ushahidi mtamu kuliko wote uko Italia. Kwa miaka mingi Italia ilitoza gari lenye injini ya zaidi ya 2,000cc kodi ya mauzo ya asilimia 38, karibu mara mbili ya ile ya gari dogo. Matokeo yake? Ferrari, waliokuwa na 308 yenye V8 ya zaidi ya 2,900cc, mwaka 1980 wakatoa 208 yenye V8 ya 1,991cc. Ferrari ya silinda nane na nguvu farasi 155! Mwaka 1982 wakaitia turbo, ikafika 220. BMW nao walichukua injini ya M3 ya 2,302cc, wakafupisha mwendo wa pistoni hadi ikawa chini ya 2,000cc, wakaiita 320is na kuipeleka Italia na Ureno. Maserati Biturbo iliuzwa nyumbani na injini ya lita 2, nje ya nchi ikapewa ya 2.5 na baadaye 2.8. Je, Mwitaliano alizaliwa na mapenzi ya injini za 1,990cc? Hapana. Alizaliwa na mtoza ushuru.

Japani ni hadithi ileile. Kabla ya marekebisho ya kodi ya mwaka 1989, ukivuka 2,000cc kodi ya kila mwaka ilipanda takriban mara mbili. Hadi leo kodi hiyo hupanda ngazi kwa ngazi: 1,000, 1,500, 2,000, 2,500 na kuendelea. Vigari vidogo kabisa vya huko vina kikomo chao cha 660cc tangu 1990. Sasa tazama magari yaliyojaa barabara zetu: Vitz ya 996cc, Fielder ya 1,496cc, na mengine mengi ya 1,990 na ushee. Unadhani nambari hizo zilikuja kwa bahati? Sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika Japani tunaendesha sheria za bunge la Tokyo, na hatukumpigia kura mbunge yeyote wa huko.

China tangu Septemba 2008 injini ya kati ya lita 3 na 4 hulipa kodi ya matumizi ya asilimia 25. Ikizidi lita 4, asilimia 40. India gari dogo la petroli ni lile lisilozidi mita 4 kwa urefu na 1,200cc. Mahakama ya Juu ya India ilipozuia usajili wa magari ya dizeli ya 2,000cc na zaidi mjini Delhi Desemba 2015, Mahindra walitoa injini ya lita 1.99 mwezi uliofuata. Mwezi mmoja tu! Zuio likaondolewa Agosti 2016.

Marekani nako hakuna ngazi za cc katika kodi ya taifa. Kuna kodi ya magari yanayokunywa mafuta kupita kiasi, iliyotungwa mwaka 1978, nayo hupima maili kwa galoni. Ongeza mafuta ya bei nafuu na barabara ndefu zilizonyooka, utaelewa kwa nini mtu wa huko anataka injini kubwa inayovuta bila kuhangaishwa.

Nisieleweke vibaya: si ushuru peke yake. Sheria za mashindano nazo zimechora injini nyingi. Nissan Skyline GT-R ya 1989 ilipewa 2,568cc, nambari ya ajabu, kwa sababu katika mbio za Group A ujazo wa injini ya turbo ulizidishwa kwa 1.7 ili kupata daraja la gari. Piga hesabu mwenyewe: inakuja kama 4,366, chini kidogo ya mstari wa 4,500. Hata ile 2,000cc ya Subaru ilitokana sana na sheria za mbio za rally. Lakini ni mchezo uleule: mtu amechora mstari, mhandisi amekaa chini yake.

Mimi ni mwandika programu, na ugonjwa huu naujua. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo meneja alitupima kwa idadi ya mistari ya kodi tunayoandika kwa wiki. Ndani ya mwezi mmoja programu ilikuwa imenenepa kama ng'ombe wa maonyesho, na haikuwa na uwezo wowote mpya. Hakuna aliyevunja sheria. Tulipewa kipimo, tukakilisha. Ukimpima mtu kwa kivuli chake, atasimama juani asubuhi.

Waingereza walijifunza haya zamani. Kodi yao ya nguvu farasi ilihesabu upana wa silinda na idadi yake tu, ikasahau urefu wa mwendo wa pistoni. Wahandisi wakatengeneza injini nyembamba zenye mwendo mrefu, zikawa hivyo kwa miongo kadhaa, mpaka kodi hiyo ikaachwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo inapouma. Kenya ushuru wa bidhaa kwa gari lisilozidi 1,500cc ni asilimia 20. Ukizidi hapo ni 25. Petroli ya zaidi ya 3,000cc au dizeli ya zaidi ya 2,500cc ni 35. Wazo, wanatuambia, ni kwamba mwenye gari kubwa ni tajiri na anachafua hewa zaidi, kwa hiyo alipe zaidi.

Sawa. Chukua Mercedes C200 ya mwaka 2018: 1,497cc, turbo, nguvu farasi 184. Iko katika kundi la asilimia 20. Chukua Toyota Premio ya 1,797cc, isiyo na turbo, nguvu farasi zisizofika 150, gari la mwalimu na mfanyabiashara wa duka. Asilimia 25. Chukua Noah ya 1,986cc inayobeba watu wanane kwenda harusini Machakos. Asilimia 25. Ndiyo, najua Mercedes ina bei kubwa na kwa jumla italipa shilingi nyingi zaidi. Lakini swali langu ni la kiwango: kwa nini sheria iliyokusudiwa kumbana tajiri inampunguzia kiwango tajiri na kumwongezea mama anayenunua Noah? Kwa sababu inapima sufuria, haipimi ugali.

Watetezi wa cc wana hoja moja ya maana: ujazo ni rahisi kuthibitisha. Umeandikwa kwenye logbuku, afisa wa bandarini Mombasa haitaji maabara. Nakubali ni rahisi. Hata mistari ya kodi ilikuwa rahisi kuhesabu.

Kama lengo ni mafuta, tayari tunayatoza kwenye pampu: tangu Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara peke yake ni shilingi 25 kwa lita. Anayechoma zaidi analipa zaidi, iwe ana turbo au hana. Kama lengo ni utajiri, thamani ya gari tayari imo katika hesabu ya forodha. Na kama lengo ni hewa, pima moshi wenyewe, kama Uingereza ilivyoanza kufanya katika kodi ya barabara mwaka 2001. Najua, hata kipimo hicho kina wajanja wake. Kashfa ya dizeli ya Volkswagen ya 2015 haijasahaulika. Lakini ujanja wa kupunguza moshi ukifaulu, angalau moshi umepungua. Ujanja wa kupunguza cc ukifaulu, umepata Ferrari ya lita 2.

Na magari ya umeme yanakuja. Hayo hayana silinda hata moja. Jedwali letu la cc litayasomaje? Tayari imebidi yaongezewe mstari wake, kama programu mbovu inayowekewa kiraka juu ya kiraka.

Futeni ngazi za cc. Kisha anayenipinga na aje na hesabu.