Askofu ni Mpokezi Kabla ya Kuwa Mtawala

Kila jimbo la Kanisa Katoliki katika nchi zetu linapopewa askofu mpya, maswali ya kwanza yanayosikika barazani aghalabu huwa haya: ni wa kabila gani, amesoma Roma miaka mingapi, na waamini wamemwandalia zawadi gani. Si maswali ya dhambi, lakini yanampita askofu mwenyewe kando, kwa kuwa daraja yake, kama Kanisa linavyoifahamu tangu karne zake za mwanzo, si tuzo ya kabila wala taji la elimu, bali ni amana iliyotoka kwa mitume kwa kuwekewa mikono, nayo yampasa aliyeipokea aihifadhi kama alivyoipokea, na aikabidhi kwa wengine pasipo kuipunguza.

Mitume wenyewe ndio waliotangulia katika njia hii. Yuda alipokwisha kuangamia hawakuiacha nafasi yake wazi, bali walimweka Matiya, kwa sharti kwamba awe mtu aliyeandamana na Bwana tangu ubatizo wa Yohane, maana aliyetakiwa alikuwa shahidi. Yapata mwaka 180 Ireneo, askofu wa Lyon, alipokabiliana na walimu waliodai kuwa na elimu ya siri, aliwataja maaskofu wa Roma mmoja baada ya mmoja, kuanzia Lino hata Eleuterio wa zama zake, akatoa hujja ambayo hata leo sijaona jibu lake: lau mitume wangalikuwa na siri yoyote, wangaliwaachia kwanza watu wale wale waliowakabidhi makanisa yao. Naye Ireneo katika ujana wake alimsikiliza Polikarpo wa Smirna, ambaye alikuwa amemsikiliza mtume Yohane. Msomaji wa pwani, aliyezoea kusikia hadithi ikitanguliwa na isnadi yake, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Wapo wanaouliza, na ni haki yao kuuliza, kama silsila hii yaweza kuthibitishwa kwa hati tangu leo hata kwa mitume. Haiwezi, nami sioni sababu ya kulificha jambo hili. Sehemu kubwa kabisa ya maaskofu Wakatoliki walio hai, nasaba yao ya kuwekwa wakfu hurudi kwa mtu mmoja, Kardinali Scipione Rebiba wa Italia, aliyepewa uaskofu mwaka 1541. Na hati ya kumtaja aliyemwekea Rebiba mikono haijaonekana. Lakini ukimya wa makaratasi si ushahidi wa kukatika kwa mapokeo. Kanisa halikupata kumhesabu askofu kuwa ni mali ya aliyemweka wakfu peke yake. Tangu Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, iliamriwa kwamba maaskofu wasiopungua watatu wahudhurie, na wale wasioweza kufika watoe ridhaa yao kwa maandishi, ili ijulikane kwamba anayepokea anapokea mbele ya wenzake, katika imani inayojulikana na wote. Mwenye kutafuta urithi wa mitume katika orodha ya majina tu ameshika ganda, ilhali kiini ni imani ile ile ikifundishwa hadharani na watu waliotumwa kuifundisha.

Kwa sababu hiyo tarehe 29 Oktoba 1939 yastahili kukumbukwa Afrika ya Mashariki kuliko inavyokumbukwa. Siku hiyo ya sikukuu ya Kristo Mfalme, vita vikiwa vimekwisha kuwaka Ulaya, Papa Pius XII aliwaweka wakfu katika Basilika ya Mtakatifu Petro maaskofu kumi na wawili wa nchi za misheni, na miongoni mwao alikuwamo Joseph Kiwanuka, aliyekabidhiwa Masaka ya Uganda, nchi ambayo mapadre wake wazalendo wa kwanza, Basil Lumu na Victor Mukasa, walikuwa wamepewa upadre mwaka 1913 tu. Mikono iliyomgusa Kiwanuka ilikuwa imewekwa wakfu na Benedikto XV mwaka 1917, naye Benedikto aliwekwa wakfu na Pius X mwaka 1907. Na kwa kuwa Masaka haikuwa bado jimbo kamili, alipewa cheo cha askofu wa Thibica, jimbo la kale la Afrika ya Kaskazini, katika nchi ya akina Sipriani na Augustino ambako Ukristo ulizimika. Jina la kanisa lililokufa Afrika likabebwa na Mwafrika mwingine. Na mwaka 1952 alifuata Laurean Rugambwa wa Bukoba, ambaye mwaka 1960 akawa kardinali.

Kiwanuka hakuipokea daraja ile ili aikalie. Pale Masaka alianzisha halmashauri za parokia zilizochaguliwa na waamini wenyewe, na jumuiya za wazazi kwa ajili ya shule, miaka mingi kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Nalisisitiza hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba mamlaka itokayo kwa mitume humfanya askofu asiulizwe neno. Ni kweli kwamba Augustino aliwafundisha Wadonati kuwa sakramenti haibatiliki kwa uovu wa anayeitoa, wala sisi hatuna ruhusa ya kuikana kauli hiyo. Lakini aliitamka ili kumlinda muumini, asitaabike kuuliza kama ubatizo wake ni halali, na anayeifanya kuwa ngao ya askofu aliyepotoka anamdhulumu Augustino na anawadhulumu waamini.

Katika ibada ya kumweka wakfu askofu, kabla ya mikono kuwekwa, mteule huulizwa mbele ya watu wote kama atailinda hazina ya imani safi na kamili kama ilivyopokewa kutoka kwa mitume, na kama atakuwa mwenye huruma kwa maskini na wageni. Kisha, sala ya wakfu inaposomwa, Injili hushikwa wazi juu ya kichwa chake. Ningependa magazeti yetu yachapishe maswali hayo na majibu yake kwa ukamilifu, kila mara, mahali pale pale ambapo huchapishwa orodha ya zawadi, na waamini wa jimbo wayahifadhi, ili mwaka wa kumi wa uaskofu utakapoadhimishwa wawe na kitu cha kumsomea.