Risasi Tatu Hazipimi Bunduki

Penye bunduki hapakosi gwiji wa karatasi. Huikunjua kwa madaha, akaonyesha matundu matatu yaliyosongamana kiasi cha kufunikwa na kizibo cha soda, kisha akatoa hukumu: silaha hii haikosi! Wasikilizaji huitikia kwa kichwa. Ni nadra kumsikia mmoja akiuliza karatasi nyingine ziko wapi.

Imani kwamba risasi tatu zilizokaribiana ni ushahidi wa bunduki nzuri ni potofu, na Ruiru ndipo mahali pa kuipinga kwa sauti. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua hapa kiwanda cha silaha ndogo kilichogharimu takriban shilingi bilioni 4, chenye uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Mji huu huu ndio wenye chuo cha mafunzo ya askari magereza. Tangu Gatongora hadi Gitothua, mlipa kodi anaishi karibu na zinakoundwa bunduki na wanakofundwa makurutu. Ana haki ya kutaka silaha na mlengaji wapimwe kwa hesabu, si kwa majigambo.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Tuseme kuna bunduki ambayo, kwa umbali wa mita 100, mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa risasi zake ni sentimita 2 kwenda juu na chini, na sentimita 2 kwenda kando. Ikipigwa risasi tatu, umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi utakuwa, kwa wastani, sentimita 4.8. Zikipigwa tano, 6.1. Zikipigwa kumi, 7.6. Mtutu ni ule ule na mkono ni ule ule. Kadiri risasi zinavyozidi ndivyo nafasi ya mojawapo kwenda mbali inavyozidi. Anayejisifia kundi la risasi tatu na anayesikitikia kundi la risasi kumi huenda wameshika silaha zinazolingana kabisa.

Isitoshe, kundi la risasi tatu ni kigeugeu. Bunduki hiyo hiyo itatoa leo kundi la sentimita 3, kesho la 7, na yote mawili ni ya kawaida kwake. Mtu akipiga makundi kumi, uwezekano ni mkubwa kwamba angalau moja litakuwa chini ya sentimita 3. Hilo ndilo linalotiwa mfukoni. Yale tisa huishia jalalani. Na tundu likijitenga na wenzake, utetezi uko tayari: “Hiyo nilitikisika mwenyewe.” Ajabu ni kwamba hakuna anayewahi kutikisika risasi ikaingia katikati.

Wataalamu walishalishughulikia suala hili zamani. Mwaka 1964 Frank Grubbs, mwanatakwimu wa maabara ya jeshi la Marekani kule Aberdeen, Maryland, alitoa kitabu cha vipimo vya takwimu kwa walengaji na wahandisi wa makombora. Miongoni mwa vipimo hivyo ni wastani wa umbali wa kila tundu kutoka kitovu cha kundi. Ubora wake ni dhahiri. Anayepima matundu mawili ya pembeni kabisa katika kundi la risasi kumi amezitupa risasi nane zilizobaki. Wastani huo unazihesabu zote.

Zikitumika zote, idadi nayo ina neno lake. Kwa risasi tatu, makadirio ya mtawanyiko hubeba kosa la kawaida la karibu asilimia 35. Kwa risasi 30, hushuka hadi asilimia 9 hivi. Mchezo wenyewe wa kulenga shabaha unalijua hilo: katika Olimpiki, mchujo wa bunduki ya upepo ya mita 10 ni risasi 60, ingawa duara la pointi 10 lina upana wa nusu milimita tu.

Watasema risasi ni ghali na mtutu hupata moto. Ni kweli. Lakini anayepiga makundi kumi ya risasi tatu ameshapiga 30. Mtutu upoe kati ya kundi na kundi, kilengeo kisiguswe, kisha karatasi zote kumi zipandanishwe juu ya alama moja ya kulengea. Gharama haiongezeki hata senti. Kinachopungua ni sifa. Na kundi zima likiangukia kushoto, hiyo si hoja ya kulia nayo, kwani kilengeo hurekebishwa. Mtawanyiko haurekebishwi kwa skrubu.

Ruiru haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa subira hii. Kahawa ya Ruiru 11, iliyozalishwa na watafiti wa mji huu ili kustahimili ugonjwa wa chulebuni, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 baada ya miaka ya majaribio. Hakuna aliyeipitisha kwa kuchungulia miche mitatu iliyonawiri.

Kwa hiyo kila karatasi ya majaribio, iwe ya kiwandani, ya chuoni au ya mwenye leseni yake binafsi, iandikwe mambo manne: umbali, aina ya risasi, idadi ya risasi zote zilizopigwa bila kuondoa hata moja, na wastani wa umbali wake kutoka kitovu. Mnunuzi wa serikali akiletewa matundu matatu ndani ya fremu, adai yale mengine 27 kabla ya kutia saini.